Konekta za faiba za shilingi 60 na za 150, na konekta za N za antena za aina mbili: nilivyozijaribu, kwenye friza la samaki Dunga na kwenye ndoo ya maji

Aliyenisukuma kwenye jambo hili ni mteja wangu wa Manyatta, hapa Kisumu, mama anayeshona sare za shule. Alinipigia simu Februari, saa nane mchana jua likiwaka. "Fundi, huu mtandao wako una malaria. Mchana unashikwa na homa, jioni unapona." Nikacheka, nikamwambia azime ruta kisha aiwashe. Akanijibu kwamba amezima na kuwasha hadi kidole kimeota sugu.

Nikachukua boda hadi kwake. Nyumba haina dari, ni mabati matupu, na kisanduku cha faiba nilikuwa nimekipigilia juu kabisa ukutani ili watoto wasikifikie. Kifaa chake kilikuwa kinapokea mwanga wa -25.8 dBm, kipimo cha nguvu ya mwanga kwa desibeli: kadiri namba inavyozidi kushuka chini ya sifuri, ndivyo mwanga ulivyo hafifu. Vifaa vya aina hiyo huanza kukata roho karibu na -27. Nikarudi saa moja usiku, upepo wa ziwa umeshaingia: -20.4. Tofauti ya desibeli 5.4 maana yake ni kwamba mwanga wa mchana ulikuwa chini ya theluthi moja ya ule wa usiku, na hakuna aliyegusa kitu isipokuwa jua.

Tatizo lilikuwa konekta ya kijani ya shilingi 60, ile ya haraka, ya kubana kwa mkono. Na aliyeifunga ni mimi. Kwa hiyo ukiona ninasema vibaya kuhusu konekta humu ndani, jua kwamba sehemu ya lawama ina jina langu.

Siku iliyofuata nikanunua. Konekta 20 za shilingi 60 kwenye duka la vifaa vya simu hapa mjini, na 20 za shilingi 150 nilizoagiza kutoka Nairobi zikaja na basi la usiku. Sitaji duka wala chapa, kwa sababu nimeshaona pakiti mbili zenye chapa moja zikiwa na vitu viwili tofauti ndani. Nikaongeza pigteli kumi, vipande vifupi vya uzi vyenye konekta ya kiwandani tayari, vya kuchomelea kwa mashine, za shilingi 100, ziwe za kulinganishia. Zote ni SC, zile za kichwa cha mraba, za kijani, ambazo uso wake umesagwa kwa mshazari wa digrii 8.

Kwanza niseme kilichomo, maana fundi wengi tunazifunga miaka na miaka bila kupasua hata moja. Mimi nilipasua tatu kwa koleo. Mbele kuna feruli, silinda ya kauri nyeupe yenye kipenyo cha milimita 2.5, na katikati yake tundu la mikroni 125 (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita) linalobeba uzi wa kioo. Ndani ya uzi huo mwanga unapita kwenye kiini cha mikroni 9 hivi tu. Konekta ya haraka tayari ina kipande kifupi cha uzi kilichogundishwa na kusagwa kiwandani. Wewe unakata uzi wako, unausukuma kutoka nyuma hadi ukutane na kile kipande kwenye mfereji mdogo, na pale wanapokutana kuna tone la jeli. Jeli hiyo inaupinda mwanga karibu sawa na kioo, kwa hiyo mwanga unavuka bila kujua kwamba umevuka. Kila kitu kinategemea hilo tone na ule mfereji. Nyuzi zikipishana mikroni moja unapoteza desibeli 0.2. Zikipishana mikroni mbili, karibu 0.8. Unywele wa kichwa chako ni mnene mara nyingi kuliko hiyo.

Sasa plastiki ya ganda hupanuka kwa joto mara 100 au zaidi kuliko kioo. Pale Manyatta, saa nane, ganda lilikuwa linavuta huku kioo kimesimama. Ndiyo ile homa.

Siku ya kwanza nilifunga kumi za kila aina, kila moja kwenye kipande cha mita moja, upande wa pili konekta ya kiwandani. Nikapima kwa taa ya nanomita 1310 na mita ya mwanga. Na hapa ndipo watu wanapodanganyika, nami nilidanganyika miaka mitatu: siku ya kwanza tofauti ni ndogo mno. Zile za 60 zilipoteza kati ya desibeli 0.2 na 0.6, isipokuwa mbili zilizokataa kabisa nikazifunga upya. Zile za 150 zilikuwa kati ya 0.2 na 0.4. Kwa macho hayo ningekuambia nunua ya 60 ubaki na chenji ya samaki.

Zile mbili zilizokataa, nikiri, hazikuwa na kosa. Kisu changu cha kukatia uzi kina gurudumu lenye nafasi 16, na nafasi niliyokuwa ninatumia ilikuwa imekufa kitambo. Uzi ulikuwa unakatika kwa pembe kama muwa uliong'olewa kwa meno. Nilizungusha gurudumu nafasi moja, zikakubali. Kama unanunua konekta za 150 na kisu chako hujakigusa tangu ulipokinunua, unapoteza hela.

Nikapiga na ile kalamu ya taa nyekundu. Zote zilipitisha mwanga mwekundu vizuri, hata zile mbili zilipokuwa bado zimekataa. Kijana mmoja aliyekuwa akifanya kazi nami alikuwa na msemo kwamba "nyekundu ikitoka, pesa imeingia." Taa nyekundu inakuonyesha uzi uliokatika au kisanduku kinachovuja. Haikuonyeshi konekta mbovu. Jicho lako haliwezi kuona tofauti ya desibeli 3, na hiyo ni nusu ya mwanga wote.

Jaribio lenyewe lilianza Machi. Viwandani wana makabati ya kupasha na kugandisha. Vipimo vya Marekani vinavyojulikana kama GR-326 vinaitoa konekta kwenye -40 hadi 75 za Selsiasi, tena na tena, na kuichomoa na kuichomeka mara 200. Mimi sina kabati. Nina dada anayeuza mbuta Dunga, na dada huyo ana friza.

"Unataka kuniwekea sindano kwenye chakula cha watu?" ndilo jibu lake la kwanza. Nikamwonyesha kwamba si sindano, nikamrekebishia taa ya friza iliyokuwa imekufa tangu Krismasi, akanipa kona moja chini, mbali na samaki. Nilizifunga kwa raba bendi mafungu matatu. Usiku kwenye friza, -18. Asubuhi saa nne ninapanda kuzitandaza juu ya mabati ya banda lake, saa tisa ninazipima, jioni zinarudi. Saa saba mchana bati lilisoma 61. Siku kumi na mbili, na kila asubuhi zikitoka zinatoa jasho, kwa hiyo unyevu nao ulipata nafasi yake. Wanunuzi wa samaki waliniona kila siku juu ya bati nikigeuza waya kama mtu anayeanika omena. Mzee mmoja akaniuliza kilo ni bei gani.

Za shilingi 60: siku ya tano, moja ikafika hasara ya 1.3. Siku ya nane ziko nne zilizopita desibeli moja, na moja ikawa imekufa, mita haisomi kitu. Nilipoipasua nikakuta jeli imesogea upande mmoja na pale nyuzi zinapokutana kuna kiputo cha hewa. Ni nne kati ya tisa, kwa sababu ya kumi ilipotea. Ilichomoka kwenye raba bendi, nikapekua friza hadi dada akanifukuza.

Za shilingi 150: moja tu ilipanda hadi 0.9, nyingine zilicheza kidogo kisha zikatulia. Tofauti niliyoiona kwa koleo ni kwamba hii ina kabari ya chuma inayoubana uzi, na nyuma ina skrubu inayoshika ganda la waya wenyewe. Ile ya 60 inaubana uzi kwa plastiki juu ya plastiki. Nilipoining'inizia kila moja pakiti ya unga ya kilo mbili, tatu za 60 ziliachia waya. Za 150 zilishika zote usiku kucha.

Pigteli za kuchomelea hazikusogea. Sina la kuongeza. Hasara 0.1 mwanzo, 0.1 mwisho.

Halafu nikakodi mashine ya OTDR, inayotuma mwanga ndani ya uzi na kuonyesha unaorudi, kwa siku moja, ghali, na amana juu, kwa sababu nilitaka kuona mwanga unaorudi nyuma. Watu wa intaneti za nyumbani tunapima unaopotea tu. Lakini kioo kikikutana na hewa, asilimia 3.5 hivi ya mwanga inageuka na kurudi ulikotoka. Ule mshazari wa digrii 8 kwenye konekta ya kijani umewekwa kwa ajili hiyo: mwanga unaorudi unatupwa pembeni, haurudi moja kwa moja kwenye kiini. Konekta nzuri ya kijani inarudisha chini ya sehemu moja ya milioni. Zile nne zilizougua Dunga zilionyesha mnara kwenye skrini, kila moja na mnara wake, kama minazi. Kiputo cha hewa kiko ndani, kabla ya ule mshazari, kwa hiyo mshazari haukusaidia. Konekta ina rangi ya kijani nje na tabia ya hewa ndani.

Kwa kuwa nimetaja rangi: kijani hakiingii kwenye buluu. Adapta itakubali, ndiyo, SC ni SC, itatoa ule mlio wa "tak" na utafurahi. Lakini uso wa mshazari ukikutana na uso usio na mshazari, katikati kunabaki pengo la hewa. Nimeitwa Nyalenda mara mbili mwaka huu kurekebisha kazi ya namna hiyo.

Na usipulize. Tafadhali. Ninaona fundi wenzangu wakifungua kofia, wanapuliza "huu!" kama chai ya moto, wanachomeka. Mate hayo yanakauka yanabaki duara la chumvi juu ya kiini cha mikroni 9. Wengine wanapangusa kwa fulana. Kofia yenyewe si ushahidi wa usafi. Plastiki yake inaacha mafuta, nimeyaona kwa darubini ndogo ya mkononi. Huku kwetu kuna pia wadudu wa ziwani, ule moshi mweusi unaosimama juu ya maji na kuja mjini jioni. Kisanduku kikiwa wazi dakika kumi karibu na taa, umewafungia humo. Kalamu ya kusafishia ya kubofya ninainunua kabla sijanunua konekta.

Upande wa antena nitakuwa mfupi zaidi, ingawa ndio ulionilisha kwanza. Nilianzia kwenye kibanda cha mjomba Kondele nikitengeneza redio za Sanyo na kubadilisha spika.

Aprili, mvua zimeshika, nikaitwa na kituo kidogo cha redio upande wa Nyando. Transmita ya wati 100 ilikuwa inajipunguza nguvu yenyewe kila mvua ikinyesha. Kipimo cha mawimbi yanayorudi, wanachokiita SWR, kilikuwa 1.3 wakati wa kiangazi, sasa kimefika 2.6. Yaani kutoka chini ya asilimia 2 ya nguvu inayorudi hadi karibu asilimia 20. Nikapanda mlingoti. Aliyetangulia alikuwa ametumia PL-259, konekta ya zamani ya waya wa antena, na tepu nyeusi ya stima. Nilipofungua, maji yalitoka kwanza, kisha shaba ya kijani kama mchicha uliolala. Maji yalikuwa yameshuka ndani ya wavu wa waya kama mafuta yanavyopanda kwenye utambi, kwa hiyo mita mbili za waya nazo zilikuwa za kutupa.

PL-259 ni ya miaka ya 1930, na hata ikiitwa ya UHF, enzi hizo chochote juu ya megahezi 30 kilionekana kuwa masafa ya ajabu. Haina mpira wa kuzuia maji. Konekta ya N ilibuniwa miaka ya 1940 na Paul Neill wa Bell Labs, na hiyo N ni ya jina lake. Ndani ina mpira, na inashika omu 50, ukinzani uleule wa waya wa antena, kutoka mwanzo hadi mwisho hata kwenye masafa ya gigahezi. Kwa FM hapa chini ya megahezi 108 zote mbili zingefanya kazi mezani. Kwenye mlingoti, mbele ya mvua ya Nyando, ninataka mpira.

Nilikuwa na N za aina mbili kwenye begi, za shilingi 250 na za 600. Jaribio la kwanza ni sumaku ya spika kuukuu, na ndilo ninalopendekeza ulifanye dukani mbele ya mwenye duka kabla hujatoa pesa. Ile ya 250 ilirukia sumaku: ni chuma kilichopakwa rangi ya kung'aa. Ile ya 600 ni shaba nyeupe chini ya mpako, sumaku haikuijali, na sindano ya katikati imepakwa dhahabu. Chuma kitaota kutu, na kutu kwenye maungio ya redio haikai kimya. Inachanganya masafa na kuzaa mengine ambayo hukuyaomba.

Jaribio la pili: sindano. Pima imeingia ndani kiasi gani ukiilinganisha na nyingine nzuri. Katika zile za 250, moja kati ya sita sindano ilikuwa imezama hata isingegusa mwenzake. Na uangalie usiuziwe N ya omu 75 ukidhani ni ya 50. Kwa nje ni mapacha. Sindano ya 50 ni nene, ukiisukuma kwenye jike la 75 unalipasua.

La tatu ni ndoo. Nilifunga kila aina kwenye kipande cha waya, nikaziba, nikazizamisha kwenye ndoo ya maji ya ziwa saa ishirini na nne, kisha nikapima kwa NanoVNA, kile kifaa kidogo cha mfukoni cha kupimia SWR ambacho kwa bei yake ninakiona kama msaada wa Mungu kwa mafundi. Iliyozibwa kwa tepu ya stima peke yake, SWR ilipanda hadi 1.9. Iliyozibwa kwa tepu ya raba inayojishika, ukiivuta hadi ipungue nusu ya upana na kuizungusha kutoka chini kwenda juu kama vigae, ndipo tepu ya stima juu yake, ilibaki 1.1. Hapo hata ile ya 250 ilipita. Tepu ilifanya kazi kubwa kuliko konekta, na hilo lilinishangaza.

Niliporudi kwenye daftari usiku huo nikaona kitu ambacho mjomba angekipenda. Pengo la hewa kwenye faiba linarudisha asilimia 3.5. SWR ya 1.5, ambapo wenye redio huanza kukunja uso, ni asilimia 4. Ni ugonjwa uleule, kioo huku na shaba kule.

Sasa ninafunga hivi. Ndani ya nyumba yenye dari, konekta ya 150. Chini ya mabati au nje kwenye nguzo, pigteli ya kuchomelea, na mteja akilia bei ninamweleza hadithi ya malaria. Ya 60 ninazo kumi na moja kwenye droo kwa ajili ya kufundishia kijana. N ya 600 na tepu ya raba, kila mara, na kitanzi cha waya chini ya konekta ili matone yadondokee hapo badala ya kukimbilia ndani. Ya 250 sinunui tena, ingawa ilipita kwenye ndoo, kwa sababu ya ile sindano iliyozama.

Duka la mjini, kwa haki yake, lilinibadilishia ile N yenye sindano mbovu bila maneno mengi. Mwenye duka aliichukua sumaku yangu akaanza kuijaribu kwenye rafu zake mwenyewe. Nilimwacha akiwa ameshatenga boksi mbili.

Mama wa sare nimemchomelea pigteli. Saa nane mchana -20.2, usiku -20.1. Aliuliza kwa nini nimtoze mara hii ilhali kosa lilikuwa langu, na kwa kuwa alikuwa na haki, sikumtoza.

Wiki iliyopita dada wa mbuta alisafisha friza, akayeyusha barafu yote, akaniletea ile konekta ya kumi. Ilikuwa imeganda chini kabisa tangu Machi, haijaona mabati hata siku moja. Niliikausha, nikaisafisha, nikaipima: 0.3, ileile ya siku ya kwanza. Ya shilingi 60.